JIKAZE SI DAWA

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni JIKAZE. Nataka litoke wodini, litoke kwenye vihamba vyetu, na ikiwezekana litoke kwenye hadithi zetu pia. Wapo watakaosema huyu kijana anadeka. Waseme tu, lakini kwanza wasome mpaka mwisho.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa sentimeta 4, kwa sababu ya ugonjwa wa mfupa nilioupata utotoni. Nilipomaliza kidato cha nne nikarefushwa. Kazi hiyo ilianzishwa na daktari Gavriil Ilizarov katika mji wa Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mfupa unakatwa, mguu unazungushiwa pete za chuma, na pete zinashikwa na waya zinazopenya nyama na mfupa hadi upande wa pili. Kisha kila siku unazungusha nati kwa spana ndogo: robo milimita mara nne, jumla milimita 1. Kwenye ule mwanya unaota mfupa mpya. Hesabu ni rahisi. Sentimeta 4 ni siku 40 za kuvuta, halafu unabaki na vyuma miezi kadhaa ukingoja mfupa ukomae. Mimi nilikaa navyo miezi 7.

Watu hudhani kinachouma ni mfupa. Wapi! Mfupa unaota kimyakimya. Wanaopiga kelele ni misuli, ngozi na mishipa ya fahamu, maana nayo inavutwa.

Wiki ya tatu unyayo ulianza kunichoma kama nimekanyaga majivu ya moto, na vidole vikafa ganzi. Nilimwambia mhudumu wa hospitali moja nilikokwenda kusafishwa matundu ya waya. Akanijibu, "Mwanaume mzima, jikaze." Nikarudi nyumbani Uru, mjomba naye akaja na yake: "Jikaze, mjomba. Sisi tulitahiriwa bila ganzi na hatukutoa sauti." Nilisema siku nne mfululizo, nikapewa jikaze siku nne mfululizo. Siku ya tano daktari aliniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza: unauma VIPI? Kusikia habari za kuchoma na ganzi, akapunguza kasi ya kuvuta palepale. Mshipa wa fahamu ulikuwa umeelemewa. Ukiachwa hivyo, mtu anaweza kushindwa kuinua unyayo. Yaani mguu umerefuka, lakini sasa unaburutwa!

Na msiniambie mgonjwa angeacha mwenyewe kuzungusha nati. Akichelewa mno, mfupa hufunga kabla urefu haujatimia. Kwa hiyo hana silaha nyingine zaidi ya kusema. Ukimnyamazisha umemnyang'anya hata hiyo.

Tutazame mlima wetu. Mtalii anayepanda Kilimanjaro, mita 5,895, kila siku kiongozi wake anamwuliza: kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Akificha, ugonjwa wa mwinuko unaweza kumwua, na kiongozi anajua. Maumivu ya mtalii ni habari, tena habari inayoweza kumteremsha mlimani usiku uleule. Wapagazi, ambao ni kaka zetu, tumewapa jina la "wagumu". Jina tamu kweli. Lakini nani anamwuliza mgumu kama kichwa kinamwuma? Nao mlima umewahi kuwaua. Naona ugumu tunausifu zaidi kwa yule ambaye hatuna mpango wa kumhudumia.

Wapo watakaodai kwamba dawa za maumivu zitamlevya mgonjwa. Wakavuke mpaka waone. Nchini Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wagonjwa wa saratani wakaanza kupewa morfini ya kunywa, unga uliokorogwa kwenye maji, wakiwa majumbani mwao. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kama dawa kali hivyo inaweza kusimamiwa kijijini, mwenye vyuma mguuni, ambaye mara nyingi anahitaji dawa ndogo zaidi, ananyimwa kwa sababu gani?

Tena dawa hiyo si starehe. Anayebanwa na maumivu hukunja goti, kisigino kikapanda, vidole vikatazama chini. Viungo vikizoea hivyo hugoma kunyooka. Mazoezi ndiyo kinga, na mazoezi hayafanyiki mtu akiwa anatetemeka. Kidonge alichoandika daktari kimezwe kwa saa yake, kabla maumivu hayajapanda, ili mazoezi yamkute mgonjwa ana nafuu. Mji wetu unajua habari za miguu. Hapahapa Moshi, kwenye eneo la KCMC, tangu 1981 kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Ufundi wa viungo tunao mlangoni. Kusikiliza tu ndiko kunakotushinda?

Na sisi waandishi je? Katika hadithi zetu shujaa anavunjika mguu ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu "alivumilia", ukurasa wa nne anaoa. Huo ni uvivu, bwana! Kiswahili kina kuchoma, kuvuta, kupwita, kuwanga, kunyonga, kukereketa na kufukuta. Kila neno lina kazi yake. Kuchoma na ganzi kunaweza kuwa mshipa wa fahamu. Kupwita kwenye tundu la waya, pakiwa pamevimba, pana joto na usaha, huenda vijidudu vimeingia. Mwandishi anayeyatupa maneno haya yote akabaki na "alivumilia" anawafundisha wasomaji wake kunyamaza, na msomaji wake wa leo huenda kesho akawa mhudumu wa wodi.

Basi mwenye vyuma akikwambia mguu unauma, mwulize: unauma vipi, tangu lini, umemeza nini, daktari anajua? Ukimaliza, mtafutie usafiri wa kumfikisha kliniki. Hadithi utaandika baadaye, na itakuwa nzuri zaidi.