Paka wa miguu mitatu na bajeti ya kaunti

Siku ya kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, ukumbi wa wadi yetu hapa Mombasa ulijaa hadi mlangoni. Yalisemwa ya maana: mitaro inayofurika mvua ikinyesha kidogo tu, zahanati isiyo na dawa, basari za watoto, taa za mtaani zilizokufa. Ilipokaribia adhuhuri akainuka bibi mmoja wa Kibokoni, buibui lake limejaa manyoya, akauliza: "Pesa za kutibu paka ziko ukurasa wa ngapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, sitaficha. Afisa aliyekuwa akinukuu maoni akaweka kalamu chini, akamwambia kwa upole, "Mamangu, hata watu bado hatujawamaliza." Akapigiwa makofi. Bibi akaketi, na kikao kikarudi kwenye mitaro.

Usiku nikaifungua Katiba ya 2010, maana swali lile lilikuwa limenikaa kifuani. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaorodhesha kazi za serikali za kaunti. Kipengele cha 6 kinasema wazi kwamba udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kipengele cha 2, kile cha afya, nacho kinataja huduma za madaktari wa mifugo. Basi yule bibi hakuomba sadaka. Aliuliza kazi ambayo kaunti imepewa kwa maandishi imetengewa shilingi ngapi, na sisi wasomi wa ukumbini tukamcheka.

Nikaenda kumtembelea. Hataki jina lake litajwe, na wakaazi wa Mji wa Kale wanamjua bila ya mimi kumtaja. Anakaa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya zamani, na siku ile nilihesabu paka 17. Mzima kabisa hakuwapo hata mmoja. Kuna aliyetobolewa jicho, kuna aliyekatika mkia pamoja na nyama ya nyuma kwa feni ya gari, kwa sababu paka hulala kwenye injini iliyo moto na dereva huwasha asubuhi bila kugonga boneti. Kuna mmoja anamwita Ndoana, alimeza chambo pale wavuvi wanapotia samaki Bandari ya Kale. Kuna Karai, aliyemwagiwa mafuta ya moto na muuza samaki wa kukaanga aliyechoka kuibiwa. Na kuna Tuktuk, wa miguu mitatu, ambaye nilipoingia alikuwa juu ya kabati ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Watu hudhani kulea paka wa namna hii ni kuwatilia maziwa kwenye kisahani. (Na maziwa yenyewe, paka wengi wakubwa huwaharisha.) Kazi yake hasa ni ya uuguzi. Paka aliyevunjika nyonga mara nyingi hahitaji upasuaji. Anahitaji kufungiwa mahali padogo asiruke wala kupanda, wiki nne hadi sita, mifupa ishikane yenyewe. Bibi anatumia makasha ya mbao ya embe aliyoyawekea wavu, kila kasha na kibakuli cha maji na karai la mchanga. Paka aliyeumia uti wa mgongo ni mtihani zaidi, kwani hawezi kukojoa mwenyewe. Lazima akamuliwe kibofu kwa vidole, mara mbili au tatu kwa siku, maisha yake yote. Asipokamuliwa, mkojo humrudia na kumuua. Anao watatu wa hivyo. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwakamua, tena mchana, tena kabla ya kulala. Hajalala nje ya nyumba ile, aliniambia, tangu harusi ya mjukuu wake Malindi, na hata huko alirudi usiku ule ule.

Huyu aliyeumia nikamuuliza lile ambalo wengi huuliza: si afadhali wapumzishwe? Hakukasirika. Alisema wapo aliowapeleka wenyewe wachomwe sindano, akawashika mpaka mwisho, kwa sababu daktari alimwambia maumivu hayatapoa. Kilio chake kilikuwa kingine. Paka akigongwa Ijumaa jioni, hata hiyo sindano ya kumpumzisha haipatikani mpaka Jumatatu, na ikipatikana ni ya kulipia. Mimi mwenyewe niliwahi kuokota paka njia ya Makadara, mguu umening'inia, nikatajiwa shilingi 12,000 za kuukata. Daktari hakunionea, maana dawa ya usingizi na uzi na kazi yake vina bei. Lakini nilisimama pale na paka ndani ya boksi nikijiuliza mchuuzi wa mahamri angefanyaje.

Sisi watu wa pwani tunajisifu kwamba tunapenda paka. Mgeni akija Mombasa au Lamu hupiga picha za paka kwenye baraza, nasi hufurahi. Tangu madrasa tumesomeshwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Tumesomeshwa kwamba paka si najisi, ni katika viumbe vinavyotuzunguka majumbani, na maji aliyoyanywa hutawadhiwa. (Kile kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu asimwamshe paka, kinachotembezwa sana kwenye WhatsApp, wanavyuoni husema hakina asili. Tukiache, yaliyo sahihi yanatutosha.) Mafunzo hayo tumeyashika kwa upande mmoja. Tunarusha vichwa vya samaki, tunamwaga mabaki ya pilau kando ya ukuta, kisha tunaona tumemaliza. Paka mzima ni wa mtaa mzima. Akivunjika mguu anakuwa wa yule bibi.

Na hapa nitasema neno ambalo huenda likawachoma wenzangu wenye huruma. Chakula bila kufunga uzazi kinaongeza majeruhi. Paka jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba kama miezi miwili, na chakula kikiwapo huzaa mara mbili hata tatu kwa mwaka. Watoto wale wanazaliwa chini ya magari, kando ya njia ya bodaboda, karibu na karai za mafuta. Mapaka shume hupigania majike usiku kucha na kupasuana masikio, na vidonda huoza. Kila mtaa unaolisha bila kufunga uzazi unamletea bibi wagonjwa wa mwezi ujao. Yeye mwenyewe anajua hivyo kuliko sisi, na 17 wote walio ndani mwake wamefungwa uzazi, kwa pesa za mtoto wake aliyeko Jeddah.

Huruma isiyo na elimu nayo inaua. Jirani yangu, mtu mwema, alimpa paka aliyegongwa kipande cha Panadol kupunguza maumivu. Alikufa. Parasetamoli ni sumu kwa paka, ini lake haliwezi kuivunja, na hata nusu kidonge chaweza kummaliza. Vidonda vyake havioshwi kwa Dettol pia, atairamba na imdhuru. Maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yatosha mpaka afike kwa daktari. Ukiona uzi wa mshipi umetokeza mdomoni, usiuvute, utampasua matumbo. Mfunike kwa taulo, mtie kwenye boksi la giza, umpeleke. Na akikuuma, osha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Kichaa cha mbwa hakibagui, paka pia huugua na kuambukiza. Kenya ina mpango wa taifa wa kumaliza ugonjwa huo kufikia 2030, nao unategemea zaidi chanjo za mbwa, lakini mtoto wa Majengo hucheza na paka kuliko mbwa. Anayedhani paka wa mtaani si suala la afya ya watu, na akumbuke hilo. Akumbuke na panya pia.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya wazungu. Tazameni Lamu. Punda wa Lamu alikuwa akifanya kazi na vidonda mgongoni, hana wa kumtazama, mpaka mwaka 1987 ilipofunguliwa pale hospitali ya punda, The Donkey Sanctuary, inayotibu bure. Ni kweli waliofungua walitoka Uingereza. Lakini wenye punda ndio wanaowapeleka, na leo Mlamu hawezi kukwambia kwamba kumtibu punda ni mchezo, kwa sababu punda huyo ndiye anayembebea matofali na mchanga. Paka hambebei mtu mchanga. Tofauti ni hiyo tu, na mimi sidhani ni tofauti ya kujivunia.

Tena kabla ya mzungu sisi tulikuwa na wakfu. Sultani Baybars wa Misri, katika karne ya 13, anasimuliwa kuwa aliweka wakfu bustani huko Cairo ili mapato yake yawalishe paka wa mji. Hapa kwetu wakfu ni nyumba, maduka na mashamba ambayo kodi yake hutunza misikiti. Sisemi kodi ya msikiti ichukuliwe, aliyeweka wakfu kwa msikiti kaweka kwa msikiti. Nasema anayetaka kuweka wakfu leo, hata wa chumba kimoja cha duka, ajue mlango huu upo, na mashekhe wautaje siku moja juu ya mimbari badala ya kuuacha vitabuni.

Haki ya majirani pia lazima isemwe. Vyumba vya bibi vinanuka, ukiingia mchana wa Machi unaisikia harufu toka ngazini. Familia ya juu ina mtoto mwenye pumu, na mamake ameniambia kwa adabu kabisa kwamba yeye si mbaya, amechoka. Ana haki. Paka 17 wagonjwa hawakustahili kuwa ndani ya nyumba ya kupanga katikati ya watu. Wamekuwa pale kwa sababu mahali palipotajwa na Katiba hapajajengwa. Ugomvi ule wa ngazini ni wa kaunti, umeangukia wanawake wawili.

Na tusidanganyane kwamba kinachohitajika ni mamilioni. Ofisi ya daktari wa mifugo wa kaunti ipo tayari. Iongezewe chumba kimoja chenye vizimba, dawa za usingizi, na siku moja kwa wiki ya kufunga uzazi wa paka wa mitaani, wakatwe ncha ya sikio kidogo ili wajulikane na wasikamatwe tena, wapewe na chanjo papo hapo. Kuwe na nambari ya simu inayopokelewa Ijumaa jioni. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo tangu enzi za uhuru, ila sijaona hata karatasi yake imebandikwa penye soko la samaki. Wale vijana wanaofungia paka makopo mkiani hawajui kwamba ni kosa la kushtakiwa. Muuza samaki yule wa mafuta naye hakujua, na alipoambiwa alishtuka kweli.

Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili na hupitishwa kabla ya 30 Juni. Ya mwaka huu yameshapita na hayana neno paka ndani yake, nimetafuta. Lakini mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaotumika sasa unakwisha 2027, na wa baada yake utaandikwa kwa vikao vile vile vya wananchi. Humo ndimo pa kutia mstari mmoja. Wadi zote za Mvita wakisimama watu watatu watatu, afisa hatapata makofi ya kirahisi.

Bibi hana muda wa kungojea 2027. Nyumba ile imeuzwa, na mwenyewe mpya amempa hadi mwisho wa Agosti. Nilipomuuliza atawapeleka wapi, alikuwa amempakata mmoja wa wale watatu juu ya karai, vidole viwili tumboni, mkojo unatoka taratibu. Hakunijibu mpaka alipomaliza na kumfuta. Kisha akaniuliza kama mimi, kwa kuwa naandika, naweza kumwandikia kaunti barua.

Nimeiandika. Niliipeleka mwenyewe ofisi ya wadi juzi Jumatatu. Karani aliisoma yote, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akaniuliza, "Hii ya paka niitie faili gani?" Tukatafuta pamoja kwenye kabati. Mwishowe akaiweka kwenye faili ya mitaro.