Pambo la Mguu Mtupu



Mama mmoja wa Kawangware 46 ametuletea swali. Binti yake anaolewa Mombasa, na baada ya nikaha angependa kutembea ufukweni bila viatu, amevaa kikuku chenye mkufu unaoshuka hadi kwenye kidole cha mguu. Pambo hilo ni la fedha, na ili kulinunua mama itambidi akope katika chama. Je, amkatalie?

Hatuoni sababu ya kumkatalia pambo. Bibi zetu wa Pwani walivaa mitali ya fedha, na nyayo zao zikapambwa kwa hina na piko. Linalotakiwa ni kuchagua kwa busara.

Kwanza, tuuangalie mlio. Aya ya 31 ya Surat An-Nur inawakataza wanawake kupiga miguu chini ili mapambo yao waliyoyaficha yajulikane. Basi njuga na tuziache. Ufuko wa umma hauna pazia. Hupita mvuvi, hupita mgeni. Kwenye mchanga gauni refu na lifunike miguu, na pambo lionekane ukumbini, mbele ya wanawake wenzake.

Pili, bahari. Maji ya chumvi huitia fedha weusi, na chembe za mchanga huingia katika mkufu zikakwaruza ngozi. Shanga ndogo zilizotungwa kwa uzi imara zafaa zaidi. Azivae kwanza nyumbani, atembee, apande ngazi, ajue kama zinambana. Akitoka ufukweni, azisuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Tatu, mfuko. Kibera, si mbali na kwao, wapo mafundi wanaotengeneza mapambo kwa mifupa ya ng'ombe na shaba. Shanga nadhifu hazikosi kupatikana. Hina nayo ipakwe siku mbili kabla, kwani rangi yake huzidi kukolea baada ya kubanduliwa.

Mama huyo alituambia pia kwamba fedha za chama ndizo anazotegemea kwa karo ya mdogo wake bibi harusi. Hapo tukapata jibu. Hina itafifia na uzi utakatika, wala hakuna atakayeumia. Karo ikikosekana, mtoto hurudishwa nyumbani.

Binti yetu, chagua shanga. Mwenyezi Mungu aijaalie ndoa yako heri na baraka.