Tupeni hiyo karatasi ya majibu

Jamani, kama unauliza kwenye intavyu "Nairobi ina vinyozi wangapi?" huku jibu umelificha kwenye karatasi, hujui unachouliza.

Mimi niliulizwa. Nikaanza hivi: sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 4.4 Nairobi. Nusu ni wanaume na wavulana, milioni 2.2. Tukikisia kila mmoja ananyolewa mara mbili kwa mwezi, hivyo ni vichwa milioni 4.4. Kinyozi akinyoa vichwa 10 kwa siku, siku 25, anapata 250. Gawanya: vinyozi 17,600 hivi. Nikasema wazi pia kwamba hiyo "mara mbili" ndiyo inanitia wasiwasi, maana ikiwa ni mara moja tu, jibu linakatika nusu.

Mhojaji akachungulia karatasi. "Ni 6,000." Swali lingine!

Zimetoka wapi hizo 6,000? Hakusema. (Nadhani naye alipewa tu.)

Laszlo Bock wa Google alisema mwaka 2013 kwamba maswali haya ni kupoteza wakati. Yakisahihishwa hivyo, ni kweli. Lakini kazini tunakisia kila wiki: watu wangapi watafungua mfumo saa mbili usiku, kila mmoja ataita hifadhidata mara ngapi, seva moja itatosha? Hakuna anayekuletea namba hizo.

Kwa hiyo niulize kwa nini nimesema vichwa 10 na si 20. Hapo nitajua unatafuta programa.