Ruhusa Kabla ya Picha



Ndugu wasomaji, sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyetuamrisha katika Kitabu chake tutembee katika ardhi na tutazame namna alivyoanzisha uumbaji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Wanaoifuata safu hii wanakumbuka kwamba tangu likizo ya shule ilipoanza, kamati ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam imekuwa ikitoa neno moja kila wiki, na kila familia iliyosafiri huleta picha moja waliyoipiga safarini inayolingana na neno hilo. Siku ya Jumapili, baada ya Swala ya Alasiri, picha huoneshwa madrasa na watoto husimama kuzieleza. Zawadi hatutoi. Tulichokusudia ni kuwafundisha vijana wetu kutazama, kwani wengi wetu husafiri kutoka Mbagala hadi Mwanza tukiwa tumeinamia simu, tukafika bila kuona kitu.

Alhamdulillah, mavuno yalikuwa mema. Kwa neno "Maji" tuliletewa mitumbwi ya dagaa ya Ujiji ikiwa na taa zake juu ya Ziwa Tanganyika, na familia iliyokuwa Umra ilileta mapipa ya maji ya Zamzam yaliyopangwa kwa safu. Kwa neno "Ukuta" kijana mmoja alileta maandishi ya kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Wanafunzi waliokwisha kuhitimu juzuu kadhaa walishindwa kuzitambua herufi zile za Kikufi, na ustadhi akapata somo la saa nzima ambalo hakuliandaa. Kwa neno "Njia" tulioneshwa barabara ya kupanda Lushoto ikijizungusha mlimani, na mtoto wa miaka saba akatueleza ni kwenye kona ipi alikotapika.

Wiki ya nne neno lilikuwa "Kazi". Habari yetu ya leo inaanzia hapo.

Kijana wa miaka 14, mwenye jicho zuri kuliko wengi wetu, alikuwa amekwenda Unguja na wazazi wake. Asubuhi moja katika kijiji cha pwani ya mashariki, maji yakiwa yametoka, alimwona mama mtu mzima akivuna mwani. Alipiga picha kwa mbali, kisha akaivuta karibu. Ilikuwa picha nzuri, hatuwezi kusema vinginevyo. Mama ameinama, kamba ya mwani iko mkononi, maji yanang'aa nyuma yake. Tuliisifu mbele ya watoto. Sisi wenyewe wa kamati ndio tulioituma kwenye kundi la simu la waumini, tukaandika chini yake maneno ya kuhimiza bidii ya kazi. Kutoka hapo waumini waliipeleka kwa ndugu zao, na ndugu kwa marafiki.

Siku ya tisa tulipokea ujumbe wa dada mmoja anayeishi hapa mjini, uliotufikia kwa mkono wa imamu wetu. Aliandika kwa heshima kuliko tulivyostahiki. Mama yule ni mama yake mkubwa. Katika picha, mtandio wake umeteleza na kuacha wazi nywele na shingo, na khanga iliyolowa imemganda mwilini. Sisi tuliona kazi. Watu wa kijijini kwake, ambao picha iliwarudia kwa simu zao, waliona Bibi wanayemheshimu akiwa katika hali ambayo hata wanawe wa kiume hawajapata kumwona. Vijana barazani waliipokezana. Tangu siku hiyo, mama yule hakushuka tena pwani.

Wasiokulia pwani wanapaswa kufahamu uzito wa jambo hilo. Mwani hulimwa na kuvunwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake, na wengi wao hutokana nayo fedha za sare za shule na za dawa. Anayeikosa bamvua moja humwachia bahari kile alichokifunga kwenye kamba wiki nyingi kabla, kikakatwa na mawimbi. Picha yetu nzuri ilimgharimu mama yule bamvua nzima.

Baba wa kijana alipiga simu siku hiyo hiyo, na kijana mwenyewe akazungumza kuomba radhi. Bibi hakugomba. Alisema neno moja ambalo baba alitufikishia nasi hatujalisahau: "Mbona hakunambia, mwanangu? Angenambia, ningejitanda nikasimama vizuri." Wala hakuwa amekataa kupigwa picha. Hakuna aliyemuuliza.

Picha tumeifuta, na tumewaomba waumini wote waifute. Lakini wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na hatuwezi kumwahidi yule mama kwamba haimo tena katika simu ya mtu. Kosa hilo hatumtwishi kijana. Yeye alipiga, lakini waliochagua, wakasifu na kusambaza ni watu wazima, tena ni kamati ya msikiti. Tunaomba radhi hapa, hadharani, kama tulivyokosea hadharani.

Sasa tuseme kile ambacho tulipaswa kukisema kabla ya wiki ya kwanza.

Katika Surat An-Nur, Allah (S.W.) anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Aya hii watoto wetu wanaifahamu, na wengi wetu hatuingii kwa jirani bila kubisha hodi. Lakini hebu tuikumbuke hadithi aliyoipokea Sahl bin Sa'd, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume akiwa na kitana mkononi. Mtume alimkemea kwa ukali usio wa kawaida yake, kisha akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Mtu yule hakuwa ameingiza hata kidole ndani ya nyumba. Lililoingia ni jicho lake, na hilo lilitosha.

Kamera ni tundu, na nyuma ya tundu kuna jicho. Neno lenyewe limetokana na Kilatini, na maana yake ni chumba. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo mnamo mwaka 1040, alichunguza jinsi mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Elimu hiyo ni miongoni mwa misingi ya chombo tunachobeba mfukoni leo. Kama jicho la mtu mmoja lilihitaji ruhusa, jicho linalohifadhi lilichokiona na kuwapelekea watu mia tano linaihitaji zaidi.

Tunajua kwamba wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu picha za viumbe wenye roho. Wapo wanaozikataza isipokuwa kwa dharura kama vile hati za kusafiria, na wapo wanaoziruhusu kwa kuwa kamera hukizuia kivuli cha kitu na haiumbi. Safu hii haina mamlaka ya kuhukumu baina yao, na kila familia ishike rai iliyoridhika nayo. Lakini hatujapata kusikia upande wowote ukihalalisha kuianika aibu ya mtu.

Mzazi mmoja alituambia: "Lakini pwani ni mahali pa wazi. Mama hakuwa nyumbani kwake." Hoja hiyo ina jibu katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Masahaba walipomweleza kwamba hawana budi kukaa njiani kuzungumza, aliwaambia waipe njia haki yake, na haki ya kwanza aliyoitaja ilikuwa kuinamisha macho. Njia ni mahali pa wazi kuliko pote. Pamoja na hayo, pwani ile kwa mama yule ni shamba lake. Mtu akiwa shambani huvaa na kuinama kama kazi inavyomtaka, akiamini kwamba wanaomwona ni wenzake wa shambani.

Kuna jambo jingine linalotutia haya. Miaka mingi tumewalalamikia wageni wanaokuja katika miji na vijiji vyetu, wakawapiga picha watoto wetu wenye kamasi na mama zetu wakichota maji, kisha wakaondoka bila hata kuuliza majina. Tulisema wanatutazama kama wanyama wa mbugani. Safari hii mgeni alitoka kwetu, ni Muislamu, na anasoma madrasa yetu. Kumbe tabia ile haikuwa ya ngozi wala ya dini fulani. Humwingia kila anayesafiri akadhani kwamba alichokikuta njiani ni chake.

Hapo zamani chombo chenyewe kilimlazimisha mtu kuwa na adabu. Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri, anatambuliwa kuwa mtu wa kwanza kupiga picha mji wa Madina, mwaka 1861, na mwaka 1880 akapiga picha Makka. Katika zama hizo picha ilichukuliwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, na aliyepigwa alipaswa kutulia kimya. Miongoni mwa picha zake ipo ya msimamizi wa ufunguo wa Al-Kaaba. Mtazame mzee yule, na utaona kwamba anajua anapigwa picha na amejiweka kama apendavyo kuonekana. Kumwibia mtu picha yake kulikuwa kugumu. Leo simu hupiga kimya kimya, kwa mbali, katika muda wa kupepesa jicho. Kile ambacho chombo hakitulazimishi tena, inabidi tulazimishwe na taqwa.

Kwa hiyo kamati imeafikiana mambo manne, na picha isiyoyatimiza haitapokelewa.

Kwanza, mtu anayetambulika katika picha awe ameombwa ruhusa kabla ya kupigwa, na aelezwe kuwa picha itaoneshwa kwa watu. Aliyeridhia kupigwa huenda hakuridhia kusambazwa.

Pili, mtoto wa mtu haombwi ruhusa peke yake. Aulizwe mzazi wake.

Tatu, mgonjwa, mwenye msiba, anayeomba msaada na aliyemo katika ibada waachwe, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.

Nne, mwenye picha aonyeshwe kabla ya sisi kuonyeshwa, na akisema "futa", ifutwe mbele yake bila kumbembeleza.

Wapo watakaosema kwamba kwa masharti haya picha nyingi nzuri zitapotea, kwani mtu akiulizwa hukakamaa na kutabasamu kama yuko studio. Ni kweli, zitapotea. Mandhari, majengo, njia na mawingu vitabaki bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa zitakazopotea tutasubiri, kama tunavyosubiri mlangoni kwa mwenyeji asiyejibu hodi ya tatu, tukageuka tukarudi zetu bila kinyongo.

Wala si hasara tupu. Kijana wetu alikaa wiki mbili bila kuleta picha, nasi tulichelea kwamba tumemvunja moyo. Jumapili iliyopita, neno likiwa "Chombo", alileta picha ya mvuvi aliyemkuta Bagamoyo kando ya ngalawa yake. Safari hii alimwomba. Mvuvi alimtaka asubiri, akaenda kuvaa kofia, akarudi akasimama wima kama askari. Kwa ustadi wa kupiga, picha hii haifiki nusu ya ile ya kwanza. Jua liko mahali pasipofaa na tanga limekatwa ukingoni. Lakini watoto walipouliza jina la mvuvi, kijana alilijua. Alijua ngalawa imechongwa kwa mti gani, nani aliichonga, na kwa nini haishuki baharini Ijumaa asubuhi. Katika ile picha ya kwanza hakuwa na la kutueleza ila mahali alipoipigia.

Yule mama wa Unguja, tumeambiwa, alishuka pwani bamvua iliyofuata. Ndugu zake wa madrasa ya hapa wamechanga kiasi kidogo kumfidia mavuno yaliyopotea, naye amekipokea kupitia kwa mwana wa mdogo wake. Kijana alimuuliza kama angependa kupigwa picha nyingine, ya heshima. Alijibu kwamba kwa sasa hapana. Tumelipokea jibu lake.

Neno la wiki ijayo ni "Jirani". Kila safari ina jirani yake: aliyekaa kiti cha pili ndani ya basi, aliyewapa maji ya kutawadhia, aliyewaonyesha njia ya msikiti katika mji mgeni. Wazazi, msiwaachie watoto kazi hii peke yao. Nendeni nao, mtoe salamu, mjitambulishe, mwombe. Mkikataliwa, leteni jina la jirani huyo na habari zake kwa mdomo, kwa idhini yake, nasi tutamsikiliza mtoto kama vile ameleta picha.

Tunamwomba Allah (S.W.) atustirie aibu zetu duniani na akhera kwa kadiri tunavyostiri aibu za waja wake, na amruzuku mama yetu yule bamvua zenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.