Wauguzi wa Chumba cha Upasuaji

Mtu wa Waithaka apelekwapo kupasuliwa katika Hospitali ya Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka wa 1901, jamaa zake huuliza daktari ni nani. Ni wachache waulizao habari za muuguzi atakayesimama kando yake. Lakini huyo ndiye ahesabuye mikasi, sindano na vitambaa kabla ya mgonjwa kupasuliwa, na kuvihesabu tena kabla ya jeraha kushonwa, kisije kitambaa kikasahauliwa tumboni. Hesabu isipopatana, daktari hungoja, hata awe mkubwa namna gani.

Kazi hiyo haipatikani kwa mazoea tu. Katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kilichoanza mwaka wa 1927, muuguzi aliyekwisha kusajiliwa hurudi darasani kutafuta stashahada ya juu ya uuguzi wa upasuaji. Na muda huo wote watoto nyumbani wangali wanataka karo! Basi ni haki kuuliza: arudipo na cheti chake, atapewa cheo na mshahara unaostahili, au atapangiwa zamu katika wadi kana kwamba hakusoma?

Huko Marekani muuguzi aliyefundishwa kumsaidia mpasuaji, kushika jeraha na kushona, ana cheo kinachojulikana. Hapa Kenya, pasipo na daktari wa pili, muuguzi huweza kuombwa afanye hayo hayo usiku wa manane. Mgonjwa akipona, daktari hushukuriwa. Likitokea baya, muuguzi huulizwa ni nani aliyemruhusu.