Baridi haikuniua, nusura joto liniue

Kisa hiki nimekikalia muda mrefu. Kilitokea Februari 2025 na sababu ya kukikalia ni moja tu: aibu. Nimeamua kukitoa sasa kwa sababu kila kipupwe kikibisha hodi, kuna watu wetu hulala wazima na hawaamki, na mimi nimewahi kuandika habari zao vibaya. Nitafika huko. Kwanza niwapeleke kwenye theluji.

Dada yangu ameolewa Norway, katika mji wa Tromsø. Ni kaskazini hasa. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Shemeji yangu ni mtu wa huko huko, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Ana gari-nyumba. Kwa ambao hamjaliona, chukua daladala aina ya Hiace, lirefushe, kisha ndani weka kitanda, jiko la gesi, choo, meza na kabati. Unaendesha nyumba yako. Wazungu wengi huyatumia wakati wa kiangazi, lakini shemeji huona raha zaidi wakati wa baridi. Hakuna foleni, hakuna mbu, na usiku mbingu zinawaka zile taa za kijani.

Basi tukaondoka sisi watatu kwa barabara ya E8, tukavuka mpaka kuingia Finland pale Kilpisjärvi, tukaendelea kusini. Pwani ya Norway baridi yake ina huruma kwa sababu ya maji ya bahari yenye uvuguvugu. Ukiingia bara huruma inakwisha. Usiku wa pili kipimajoto cha kwenye dashibodi kilisoma nyuzi 27 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Bongo nikajisemea: leo ndiyo leo.

Cha ajabu, ndani nilikuwa nimevaa fulana.

Nikamwuliza shemeji hilo hita lake lina nguvu kiasi gani. Akacheka. Akaniambia hita ni jambo la mwisho. La kwanza ni kuta. Ulaya wana kiwango kinachoitwa EN 1646-1, ambacho huyapanga magari haya kwa madaraja ya kuhimili baridi. Ili gari lipate daraja la tatu, lile la juu, ni lazima liweze kufikisha nyuzi 20 ndani wakati nje ni 15 chini ya sifuri, na maji yaendelee kutoka bombani. Hilo halipatikani kwa moto mkubwa. Linapatikana kwa kuta nene zenye sponji ngumu katikati, madirisha ya plastiki ya tabaka mbili, na kwa magari mazuri, sakafu mbili ambazo katikati yake ndimo tanki la maji linamokaa ili lisigande. Sehemu dhaifu ni kioo cha mbele cha dereva, maana hicho ni kioo kimoja tu kama cha gari lolote. Kila jioni shemeji alitoka nje kukifunika kwa turubai nene. Anakifunika kwa nje, kwa sababu ukifunika kwa ndani kioo chenyewe kinabaki baridi na maji yanajikusanya juu yake.

Hata gesi ni elimu. Gesi tunayopikia huku kwetu ni mchanganyiko wa butani na propani. Butani ikifika karibu na nyuzi sifuri inakataa kugeuka mvuke; inabaki kimiminika ndani ya mtungi na jiko linazima huku mtungi ukiwa mzito. Propani huendelea kutoka mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo msimu wa baridi huko ni propani tu. Na inakwenda! Hita la kilowati 4 likiwaka kwa nguvu zote linakula kama gramu 300 kwa saa. Mtungi wa kilo 11 unaisha kwa siku moja na nusu. Ndiyo maana mwenye gari lenye kuta mbovu huko anafilisika mapema.

Sasa tufike kwenye ujinga wangu.

Magari haya yana matundu ya hewa ambayo hayafungwi. Mengine yako kwenye sakafu, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na lazima ipate pa kutokea. Mengine yako kwenye paa. Mimi kitanda changu kilikuwa karibu na tundu la sakafuni, na usiku nikasikia upepo kama kisu unanikata kisigino. Kwa akili zangu za mtu mwenye digrii, nikachukua khanga ya dada nikalisokomeza. Tundu la paa nikaliziba kwa taulo. Nikalala nikijipongeza.

Kama saa tisa usiku nikaamshwa na baridi. Hita lilikuwa limezima. Baadaye nikaja kuelewa: hita linaunguza gesi, lakini feni ya kusambaza hewa ya moto inataka umeme wa betri, na betri kuukuu ya risasi kwenye baridi kali hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Betri ilikuwa imekwisha. Dada na shemeji walikuwa wamejifunika gubigubi. Sikutaka kuwasumbua. Nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya, na bibi yangu angefanya: nikawasha jiko. Mafiga mawili ya gesi, moto wa juu. Nikakaa mbele yake nikiota moto, raha mustarehe.

Sikumbuki muda. Nakumbuka kichwa kilianza kugonga, nikadhani ni baridi. Nikaona madirisha yanatiririka maji ndani, maana kila kilo moja ya propani ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Kisha usingizi mtamu. Kilichofuata ni kengele. Ile kali, ya kuumiza meno.

Shemeji hakuuliza swali. Alizima jiko, akafungua mlango, akafungua kila dirisha, akatusukuma nje mimi na dada kwenye theluji tukiwa na soksi. Joto lote la usiku likatoroka kwa dakika mbili. Kengele ile ni kidubwasha chenye betri yake chenyewe, kinachonusa kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi wala harufu. Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha huitoa, na ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Unakosa hewa huku unapumua. Na haikupi hofu, inakupa usingizi.

Kabla ya kuwasha injini ili kuchaji betri, shemeji alichukua koleo akaondoa kwanza theluji yote iliyozunguka bomba la ekzosi. Kwa nini? Kwa sababu moshi ukizuiwa na theluji unarudi ndani, na tungeingia kwenye mtego ule ule kwa mlango mwingine. Kisha akachomoa khanga sakafuni, akaikunja vizuri, akampa dada. Kwangu akasema sentensi moja: "Shemeji, hewa baridi inakuamsha, hewa mbaya haikuamshi."

Nililia. Si kwa ajili ya usiku ule. Nilikumbuka habari niliyoandika miaka michache kabla, nikiwa ripota mchanga huko Nyanda za Juu Kusini. Familia moja ilikuwa imelala na jiko la mkaa ndani, milango na madirisha yamefungwa, nguo zimesokomezwa chini ya mlango. Hawakuamka. Niliandika aya tatu, na katika aya ya mwisho nikaweka neno "uzembe". Mhariri hakulibadilisha na mimi nikalala usingizi. Leo nauliza: mimi niliyesokomeza khanga kwenye tundu lenye maandishi ya kukataza, niitweje?

Maoni yangu ni haya, na mnaruhusiwa kubisha. Tunaichukulia baridi kama jambo la moto, wakati ni jambo la nyumba. Nenda Njombe, Makete au Mafinga kati ya Juni na Agosti. Nenda Limuru kwa majirani zetu. Utakuta nyumba ya matofali, ya kuvutia kabisa, juu bati tupu bila dari. Joto linapanda, linagusa bati, linakwenda zake. Mwenye nyumba anaona baridi inaingia, kumbe ni joto linatoka. Anaongeza mkaa. Halafu anaziba upenyo wa mwisho uliokuwa ukimlinda. Na mkaa una udanganyifu wake: ukishakolea hautoi moshi, unakuwa mwekundu mzuri, watu wanauamini. Hapo ndipo unapoua.

Najua mtaniambia dari ni hela. Kweli. Lakini tumewahi kuona hela inapatikana kwa geti la chuma lenye nakshi na vigae vya sebuleni kabla ya dari la chumba cha watoto. Na kwa asiye na hela kabisa, mambo ya bure yapo: ota moto kabla ya kulala, kisha jiko litoke nje, litoke kabisa, si kuwekwa pembeni. Acha upenyo wa dirisha. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, izungushie nguo, lala nayo. Tundika pazia zito dirishani. Shemeji, na gari lake lote la kisasa, hakuwa akifanya jambo tofauti: zuia joto lisitoke kupitia kuta, acha hewa ipite kwenye matundu yake. Hivyo ni vitu viwili tofauti na sisi tumevichanganya.

Wewe wa Sinza utasema hayakuhusu, wewe unatafuta feni. Una mdogo wako bweni Iringa? Una rafiki anayewasha jenereta ndani ya duka usiku kwa kuogopa wezi? Una binamu majuu anayelala kwenye gari kupunguza kodi ya nyumba? Basi yanakuhusu. Mpigie.

Na sisi waandishi, kipupwe hiki, tukipata taarifa ya polisi kuhusu familia iliyolala na jiko, tusiishie kwenye aya tatu. Tuingie ndani ya nyumba hiyo, tutazame juu, tuandike kama kuna dari. Lile neno "uzembe" mimi nimeshalifuta kwenye daftari langu. Anayelitaka alichukue, lakini kwanza akalale usiku mmoja kwenye nyuzi 27 chini ya sifuri na khanga mkononi.