Ulizo kwanza, mapambo baadaye!

Haya ndugu zangu, leo nina kisirani na sitakificha. Nimechoka kufungua wiki za watu na kukuta ulizo lile lile la #ask limenakiliwa mara tano kwenye ukurasa mmoja. Hapa linatoa orodha, pale linahesabu, kule chini linapanga kialfabeti. Kila nakala ina mapambo yake, na ukirekebisha moja, nne zinabaki zikidanganya.

Si hasira ya bure. Niliwahi kuitwa kurekebisha wiki ya shirika moja lililotumia Semantic MediaWiki kuorodhesha maeneobunge yote ya kupelekewa dawa. Ukurasa ulionyesha 50. Kenya ina maeneobunge 290! Hakukuwa na ujumbe wa kosa wala maandishi mekundu, na waliopanga magari waliuamini ukurasa huo.

Kilichotokea ni rahisi. #ask usipoiambia kikomo, kwa kawaida huleta matokeo 50 kisha hubandika kiungo cha "matokeo zaidi". Fundi wetu alichukua yote hayo, kiungo na mapambo, akayamwaga kwenye safu kwa #arraydefine. Aliijaribu kazi yake kwa kaunti, ikapita. Bila shaka ilipita, kaunti ni 47!

Msimamo wangu ni huu: uliza mara moja, hifadhi data ikiwa tupu, pamba mwishoni. Hivi:

{{#arraydefine: maeneo | {{#ask: [[Jamii:Maeneobunge]] | format=plainlist | link=none | sep=; | limit=300 | searchlabel= }} | ; }}

{{#arrayprint: maeneo | 
 | @@@ | [[@@@]] }}

Tazama vizuri. plainlist na link=none huleta majina matupu. searchlabel iliyoachwa wazi hufukuza kile kiungo. Nukta mkato nimeiweka makusudi: #arraydefine isipoambiwa hutenganisha kwa koma, na jina lenye koma ndani litakatwa vipande viwili. Mapambo yote yako kwenye #arrayprint, ambapo kila @@@ hubadilishwa na jina moja la safu. Ukitaka idadi, #arraysize ipo. Ukitaka mpangilio, #arraysort ipo. Hifadhidata husumbuliwa mara moja tu.

Najua wajuaji watasema mambo ya safu yamepitwa, tutumie Lua kupitia Scribunto. Sawa, Lua ni nzuri na kwa kazi kubwa hata mimi naitumia. Lakini ukisahau kikomo kwenye Lua, utapata orodha ile ile pungufu, ila sasa imeandikwa kwa lugha ya kifahari. Ugonjwa ni kuchanganya data na sura yake, halafu kuamini ukurasa kwa sababu unapendeza.

Kwa hiyo kabla hujagusa rangi na vitone, chapisha #arraysize na uilinganishe na idadi unayoijua. Ni mstari mmoja tu. Kule kwenye dawa, mstari huo ungeokoa maeneobunge 240.